Mimea Midogo ya Zama za Dinosaria wa Kwanza

Mtu akitaja zama za dinosaria, mara moja fikra zetu huwaendea wanyama wakubwa wenye shingo ndefu, mikia mizito na meno makali. Ni nadra mtu kuuliza: Je, chini ya miguu ya wanyama hao kuliota nini? Swali hili ni la maana, kwa sababu hakuna mnyama awezaye kuishi pasipo mimea. Mnyama alaye nyama humla mnyama alaye majani, na mwenye kula majani hutegemea mmea.

Dinosaria wa kwanza hawakukanyaga majani ya malishoni kama wafanyavyo ng'ombe wetu. Wakati huo nyasi zilikuwa bado hazijatokea duniani. Hapakuwa na mahindi, migomba wala miembe. Lakini mahali penye unyevunyevu palikuwa na mimea midogo sana ya kijani, ambayo jamaa zake ungali ukiiona leo kwenye ukuta wa kisima. Katika somo hili utajifunza mimea hiyo ni ipi, jinsi mabaki yake yalivyohifadhiwa ndani ya miamba, na jinsi wataalamu walivyoitambua baada ya kubishana kwa muda mrefu.

Mosi na livawati

Wakati wa masika, tazama kwa makini ukuta wa zamani upande usiopigwa na jua, au mawe ya kando ya kijito, au shina la mti mkubwa msituni. Utaona kitu laini cha kijani kilichotanda kama zulia. Watu wengi hudhani kuwa ni uchafu. Sivyo. Chukua kipande kidogo, ukitazame kwa lenzi ya mkono. Utaona vishina vingi vidogo vilivyosongamana, na kila kishina kina majani yake madogo. Huo ni mmea uitwao mosi.

Mahali penye maji mengi zaidi, kama vile ukingo wa mfereji, waweza kuona mmea mwingine uliolala juu ya udongo. Huo hauna shina wala majani ya kawaida. Mwili wake ni bapa, na umegawanyika katika vipande mfano wa ini la mnyama. Huo ni livawati. Watu wa Ulaya wa zamani waliupa jina linalotokana na ini kwa sababu ya umbo lake. Lakini angalia: si livawati zote zilizo bapa. Nyingi zina vishina na majani madogo, na mtu asiye mwangalifu huzidhania kuwa ni mosi.

Mosi na livawati hufanana katika mambo haya:

1. Hazina mizizi ya kweli. Badala yake zina vijinywele ambavyo huushikiza mmea kwenye udongo, jiwe au gome.

2. Hazina mirija imara ya kupandishia maji kama ile ya mhindi au mwembe. Sehemu kubwa ya maji huingia moja kwa moja kupitia majani au mwili wa mmea. Ndiyo sababu mimea hii haiwezi kurefuka ikawa miti.

3. Hazina maua wala mbegu. Huzaa kwa vumbi laini liitwalo spora, ambalo hukaa ndani ya kifuko kidogo. Kifuko kinapokomaa hupasuka, na upepo huzichukua spora mbali.

4. Huhitaji maji ili zipate kuzaa. Seli ya kiume huogelea katika tone la mvua au la umande mpaka ilifikie yai la kike. Pasipo maji, uzazi huo hauwezekani.

Mimea hii hutofautiana pia. Majani ya mosi mara nyingi huwa na mshipa mmoja katikati, bali majani ya livawati hayana mshipa huo. Kijinywele cha mosi kimefanywa kwa seli nyingi zilizoungana mfululizo. Kijinywele cha livawati ni seli moja tu, ndefu kama mrija usio na vizuizi ndani yake. Kumbuka vizuri tofauti hizi mbili. Ni ndogo kabisa, lakini utaona baadaye zilivyotatua fumbo kubwa.

Kisukuku hutokeaje?

Mabaki au alama za kiumbe wa kale zilizohifadhiwa ndani ya mwamba huitwa kisukuku. Mmea ukifa, kwa kawaida huoza. Bakteria, kuvu na wadudu huuvunjavunja mpaka ukawa mbolea. Lakini mara chache mmea huangukia majini na kufunikwa upesi na matope mepesi. Ndani ya matope hayo hewa ni haba, kwa hiyo mmea hauozi wote. Tabaka jipya la matope hulala juu ya lile la kwanza, na jingine juu ya hilo. Baada ya miaka mingi sana matope hugandamizwa yakawa mwamba. Mmea nao hubaki ndani kama utando mwembamba mweusi au wa rangi ya kahawia.

Visukuku vya mosi na livawati ni haba kuliko vya miti. Kwanza, mimea hii haina ubao mgumu. Pili, haipukutishi majani yake kama miti, ambayo majani yake hupeperushwa na upepo yakaangukia ziwani. Mosi hufa hapo hapo ilipoota, juu ya jiwe au gome, mbali na matope. Tatu, ni midogo mno hata mtafutaji aweza kuvunja jiwe lenye kisukuku chake asikione.

Hata hivyo, uhaba wa visukuku si dalili kwamba mimea hii ni mipya duniani. Katika miamba ya zamani sana zimeonekana spora za mimea ya kwanza ya nchi kavu, zenye umri wa miaka ipatayo milioni 470, nazo zinafanana kwa namna fulani na spora za livawati. Katika jimbo la New York, Marekani, vimepatikana visukuku vya livawati zenyewe vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni 380. Kwa hiyo dinosaria wa kwanza walipotokea, mimea hii ilikuwa tayari wazee wa dunia.

Dunia wakati wa Triasi

Wataalamu wa miamba wameyagawa maisha ya dunia katika vipindi. Kipindi kiitwacho Triasi kilianza miaka ipatayo milioni 252 iliyopita, kikaisha miaka ipatayo milioni 201 iliyopita. Ndicho kipindi walichotokea dinosaria wa kwanza.

Wakati huo mabara hayakuwa yametengana kama tuyaonavyo leo katika ramani. Afrika, Amerika, Ulaya, Asia, Australia na Antaktika yalikuwa yameshikamana yakawa bara moja kubwa liitwalo Panjea. Sehemu za ndani za bara hilo zilikuwa kavu na zenye joto. Karibu na mito, maziwa na pwani kulikuwa na mimea mingi zaidi: mikangaga, miti ya jamii ya misonobari, na sikadi, ambazo kwa mbali hufanana na minazi mifupi.

Nchi yetu ya Tanzania ina ushahidi muhimu wa kipindi hiki. Katika bonde la mto Ruhuhu, mashariki ya Ziwa Nyasa, kuna miamba ya Triasi yenye mifupa ya wanyama wengi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu Francis Rex Parrington alikusanya huko mifupa ambayo mwaka 2013 ilipewa jina la Nyasasaurus, yaani mjusi wa Nyasa. Mnyama huyo aliishi miaka ipatayo milioni 243 iliyopita. Ama alikuwa miongoni mwa dinosaria wa kwanza kabisa, ama alikuwa ndugu yao wa karibu sana. Mwaka 2010 mnyama mwingine wa bonde hilo alipewa jina la Asilisaurus kongwe. Bila shaka umeyatambua maneno mawili ya Kiswahili katika jina hilo: asili na kongwe. Huyo hakuwa dinosaria kamili, bali alikuwa wa ukoo ulio karibu nao.

Fumbo la mmea wa Bristol

Sasa twende Uingereza, katika nchi iliyo jirani na mji wa Bristol. Mwaka 1834 mifupa ilipatikana katika machimbo ya mawe ya mji huo. Mwaka 1836 mnyama mwenye mifupa hiyo aliitwa Thecodontosaurus. Alikuwa dinosaria mdogo, ambaye urefu wake pamoja na mkia ulikuwa kama meta mbili. Aliishi karibu na mwisho wa Triasi. Wakati huo bahari ilikuwa ikiingia katika nchi hiyo, na vilima vya mawe ya chokaa vilikuwa vikigeuka visiwa vidogo.

Katika sehemu hiyo ya Uingereza, ndani ya miamba ya mwisho wa Triasi, kuna mmea mdogo mno. Urefu wake ni sentimeta chache tu. Una kishina chembamba na majani membamba yaliyochongoka. Mahali pengine mmea huu ni mwingi hata umeufunika uso mzima wa jiwe. Wataalamu wa karne ya 19 walipouona waliuita Naiadita. Waliuchagulia jina hilo kwa sababu waliufananisha na mmea wa majini wenye maua.

Je, walikuwa na haki? Baadaye wengine walikataa, wakasema kuwa ni mosi. Mwaka 1901 mtaalamu aitwaye Igerna Sollas aliuchunguza akaona kuwa ni mmea wa jamii nyingine kabisa, iliyo jirani ya mikangaga. Basi mmea ule ule mmoja ukawa umeingizwa katika jamii tatu mbalimbali. Kila mtaalamu alikuwa na sababu zake, lakini haikuwezekana wote watatu wawe sahihi.

Huenda utauliza: Ubishi juu ya mmea wa sentimeta chache una maana gani? Una maana kubwa. Kama Naiadita ungekuwa na maua, basi historia ya mimea yenye maua ingetubidi tuianze zamani zaidi kuliko inavyoonyeshwa na visukuku vingine vyote. Kosa moja katika kuutambua mmea mdogo laweza kuipotosha historia nzima ya mimea.

Tom Harris wa Chuo Kikuu cha Reading ndiye aliyelitatua fumbo hilo. Hakuridhika na kutazama umbo la nje tu. Alikusanya vielelezo vingi, akavichunguza kwa hadubini sehemu baada ya sehemu, na mwaka 1938 akachapisha maelezo yake. Fuata hoja zake hatua kwa hatua.

Kwanza, je, Naiadita ni mmea wenye maua? Harris aliona vifuko vya spora, na ndani yake spora zenyewe. Mmea wenye maua huzaa mbegu. Kwa hiyo jibu ni hapana.

Pili, je, ni wa jamii iliyo jirani ya mikangaga? Mimea ya jamii hiyo ina mirija ya kupandishia maji ndani ya shina. Shina la Naiadita halikuwa na mirija hiyo. Kwa hiyo jibu ni hapana tena.

Tatu, je, ni mosi au ni livawati? Hapa kumbuka tofauti mbili tulizozitaja. Majani ya Naiadita hayakuwa na mshipa wa katikati. Na kila kijinywele chake kilikuwa seli moja ndefu, isiyogawanywa na kuta. Kwa hiyo Naiadita ni livawati yenye majani.

Harris aliona pia vikombe vidogo vyenye vichipukizi ndani yake. Livawati nyingine za leo zinavyo vikombe vya namna hiyo. Tone la mvua likianguka ndani ya kikombe, vichipukizi hurushwa nje, na kila kimoja huweza kuota kikawa mmea mpya bila ya kutumia spora. Kwa kuwa sehemu zake karibu zote zimeonekana, Naiadita ni mmojawapo wa mimea ya kale inayofahamika vizuri kabisa katika jamii yake. Harris aliamini kuwa uliota ndani ya maji yenye kina kifupi.

Tazama, basi, jambo lililomaliza ubishi wa miaka mingi: kijinywele kimoja chembamba kuliko uzi. Mwanasayansi mzuri hadharau kitu kwa sababu ya udogo wake.

Visukuku vya mahali pengine

Naiadita si mmea pekee wa namna hii. Mwaka 1959 mtaalamu J. A. Townrow alieleza mimea miwili ya Triasi kutoka Afrika Kusini, mmoja mosi na mwingine livawati. Mwaka 1954 Britta Lundblad alieleza livawati bapa zilizopatikana katika machimbo ya makaa ya mawe ya Skromberga, nchini Sweden. Miamba ya huko ni ya mwisho wa Triasi na mwanzo wa kipindi kilichofuata, kiitwacho Jurasi.

Mwaka 2014 yalichapishwa maelezo ya vipande vidogo vya mosi na livawati za Triasi kutoka Antaktika. Leo bara hilo limefunikwa na barafu. Wakati wa Triasi hapakuwa na barafu hiyo kubwa, na misitu iliota huko. Mimea midogo yenye kupenda unyevunyevu hutusaidia kujua mambo kama hayo, kwani palipo na kisukuku cha livawati, hapo palikuwa na maji.

Ili kuvipata vipande vidogo kama hivyo, wataalamu huweza kuuyeyusha mwamba kwa tindikali kali ndani ya maabara. Mwamba huyeyuka, mabaki ya mmea hubaki. Kisha huyaosha na kuyatazama kwa hadubini. Kazi hii ni ya hatari, na hufanywa na wenye ujuzi tu.

Wadogo waliosalia

Mwishoni mwa Triasi volkano nyingi zilitema lava juu ya eneo kubwa sana, wakati Panjea ilipoanza kupasuka. Hali ya hewa ilibadilika, na wanyama wengi wa nchi kavu na wa baharini walikwisha kabisa. Baadaye, miaka ipatayo milioni 66 iliyopita, dinosaria wakubwa nao walitoweka, wakabaki ndege tu, ambao ni wa ukoo wao. Naiadita haipo tena. Lakini jamii za mosi na livawati zilipita katika maafa yote mawili, na zingali zinaota mpaka leo.

Tena zinatufanyia kazi. Katika misitu ya juu ya milima ya Uluguru, matawi ya miti yamefunikwa na mosi na livawati. Mtaalamu Tamás Pócs alichunguza jinsi mimea hiyo inavyoyashika maji, na mwaka 1980 akachapisha matokeo yake. Mvua na ukungu vinapofika, mimea hiyo hunywa maji kama sifongo, kisha huyaachia polepole. Kutoka milima hiyo hutiririka vijito viingiavyo mto Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa na watu wa Dar es Salaam. Msitu ukikatwa, kivuli huondoka, mosi hukauka, na mvua huteremka kwa nguvu ikichukua udongo. Anayeutunza msitu wa mlimani humtunzia maji mtu wa mjini asiyemjua.

Jaribio la kwanza: Mosi na maji

Utahitaji kipande kidogo cha mosi iliyokauka, sahani na maji.

Weka mosi juu ya sahani, uchunguze rangi na umbo la majani yake. Nyunyiza maji. Tazama tena baada ya dakika chache. Majani yamefanya nini? Maji yameingia kupitia sehemu gani ya mmea?

Jaribio la pili: Alama katika udongo

Utahitaji udongo wa mfinyanzi, jani la mwembe na kipande cha mosi.

Tengeneza vipande viwili bapa vya udongo ulio laini. Gandamiza jani la mwembe juu ya kimoja, na mosi juu ya kingine. Ondoa mimea hiyo taratibu, uache udongo ukauke. Alama ipi iko wazi zaidi? Eleza jinsi jambo hili linavyohusiana na uhaba wa visukuku vya mosi.

Jaribio la tatu: Kamba ya wakati

Utahitaji kamba yenye urefu wa meta 5, rula na vipande vya karatasi. Kila sentimeta moja itasimama badala ya miaka milioni moja.

Ncha moja ya kamba iwe ni leo. Kuanzia hapo pima na kufunga karatasi mahali hapa: sentimeta 66, dinosaria wakubwa wanatoweka, meta 2 na sentimeta 1, mwisho wa Triasi, meta 2 na sentimeta 43, Nyasasaurus, meta 2 na sentimeta 52, mwanzo wa Triasi, meta 4 na sentimeta 70, spora za mimea ya kwanza ya nchi kavu. Watu wa namna yetu wamekuwapo kwa miaka ipatayo 300,000. Je, hiyo ni milimeta ngapi katika kamba yako?

Maswali

1. Taja mambo manne ambayo mosi na livawati hufanana.

2. Kwa nini mosi haiwezi kukua ikawa ndefu kama mwembe?

3. Eleza sababu tatu za kuwa visukuku vya mosi ni haba.

4. Harris alitumia ushahidi gani kuonyesha kuwa Naiadita (a) si mmea wenye maua, (b) si mosi?

5. Kisukuku cha livawati kimepatikana mahali ambapo leo ni jangwa. Kinatueleza nini juu ya mahali hapo zamani?

6. Katika kijiji chenu au mtaa wenu, tafuta mahali patatu penye mosi. Mahali hapo pana hali gani inayofanana? Andika taarifa fupi, uisome mbele ya wenzako.